Mdomo wa Chiriku

Kila mji una mtu mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno. Katika mji ule mtu huyo alikuwa dalali wa mnada, mume wa fundi simu. Walimwita Chiriku, na jina lilimkaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa chake. Alisimama juu ya kreti la soda akauza vitanda, redio, mashine za kufulia zilizochoka na vyombo vya watu waliohama. Kitanda kikiwa na mguu mbovu hakuficha. Hiki, alitangaza, kinawafaa wenye ndoa changa, watalala wameshikana wasianguke. Watu walikuja mnadani bila haja ya kununua, wakarudi nyumbani na kochi.

Aliuchukia sana ule usemi wa haraka haraka haina baraka. Aliyeutunga, alisema, hakuwahi kuuza nyanya jua la adhuhuri.

Maradhi hayana adabu yanapochagua pa kukaa. Kwake yalichagua koo. Daktari alimweleza wazi kwamba ili abaki hai kisanduku cha sauti lazima kitoke chote, na kwamba atapumua kwa tundu shingoni maisha yake yote. Chiriku akauliza kama hicho kisanduku huwa wanakiuza au wanakitupa, maana yeye angeweza kukipatia mteja. Daktari alicheka, kisha akainama chini ya meza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Mkewe hakucheka. Bi Fundi, kama mtaa ulivyomwita, alikuwa mtu wa maneno machache, kama walivyo wengi wanaofanya kazi na vitu vidogo. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa duka lake: meza ndefu, taa ya shingo ndefu, lenzi ya kukuzia, vibano, vibakuli vya skrubu zisizoonekana kwa macho ya mwenye njaa. Mungu hakuwajalia watoto. Kwa miaka yote waliishi hivyo, yeye akinyamaza kwa niaba ya wawili na mumewe akisema kwa niaba ya wawili, na nyumba ikajaa.

Kabla ya upasuaji, Bi Fundi alitafuta akapata programu iliyoweza kujifunza sauti ya mtu. Unaisomea sentensi zake, nyingi mpaka ulimi uume, kisha siku ya siku unaandika neno lolote nayo inalitamka kwa sauti yako. Aliiweka kwenye tableti moja ya zamani iliyokuwa dukani, ambayo alishaifungua kufuli za kiwandani zamani kwa majaribio yake mwenyewe. Chiriku akajifungia chumbani, mlango umezibwa kwa mito, akasoma. Paka wa jirani amepanda paa. Treni ya leo itachelewa. Alitoka akilalamika kwamba maisha yake yote hajawahi kutangaza bidhaa za ovyo namna ile.

Alipoamka hospitalini, bandeji shingoni, kitu cha kwanza alichoandika ni hiki: "Mke wangu, leo umependeza. Au ni hizi dawa?" Wakasubiri, wakasubiri, halafu sauti yake ikatoka kwenye kile kibati, yenyewe kabisa, na ule mkwaruzo wa asubuhi. Bi Fundi aligeukia ukutani akajifanya anarekebisha pazia.

Tableti ile wakaiita mdomo. Niletee mdomo wangu. Mdomo umeisha chaji. Kwa kuwa Chiriku aliwahi kuuangusha jikoni, Bi Fundi aliushonea koti la kitambaa kizito lenye sponji ndani, lililoufunika mgongo mzima na kuacha kioo tu. Alilishona kwa mkono, mishono midogo kama ya nguo ya mtoto mchanga.

Tatizo lilikuwa lile la kusubiri. Sauti ya kutengenezwa ni mzigo mzito, na prosesa ya tableti ile, ubongo wake, ilikuwa ya kizamani. Ukishaandika na kubonyeza, ilikaa inapika maneno kwa muda wa mtu kunywa mafunda mawili ya chai. Kwa kuomba maji haikuwa shida. Kwa Chiriku ilikuwa shida kubwa, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kuomba maji.

Kaka yake mkubwa, dereva wa malori aliyestaafu, alikuja kula nao kila Jumapili. Ndugu hao wawili walipendana kwa matusi tangu wanalala kitanda kimoja. Jumapili moja kaka akaja na meno mapya ya bandia, akayaonyesha kama gari jipya. Chiriku akaandika upesi, akabonyeza, akakaa akimtazama kaka yake kwa jicho la furaha. Ila kaka hakujua kuna kitu kinakuja. Alikwishahamia mambo mengine. Uso umemshuka, alikuwa anaeleza kuhusu rafiki yake wa siku za malori, jinsi alivyougua ghafla, na jinsi walivyomzika juzi.

Hapo ndipo mdomo uliposema: "Na huyo aliyekuwa nayo kwanza, sasa anakulaje?"

Kaka aliweka kijiko chini. Chiriku akapunga mikono, akaonyesha meno yake mwenyewe, akaonyesha tableti, akapinda kidole nyuma kumaanisha yale ya mwanzo, yale ya meno. Bi Fundi akaeleza. Kaka akasema ameelewa, hamna neno, na akala bila kuinua uso. Baada ya hapo Chiriku hakuandika tena mchana ule. Na Jumapili zilizofuata aliandika mambo mafupi tu: ndiyo, hapana, karibu tena.

Katika lugha yoyote duniani mzaha una saa yake. Ukifika mapema haueleweki, ukichelewa unakuwa tusi. Bi Fundi alilijua hilo bila kusafiri popote. Alimwona mumewe akiwa mezani kama mgeni aliyekaribishwa kwa huruma, na akaapa kimoyomoyo kwamba atamrudishia nafasi yake kwenye mazungumzo.

Kubadili tableti haikuwezekana. Kampuni iliyotengeneza programu ilikuwa imefungwa, na sauti ilifungiwa kwenye kifaa kile kile ilikozaliwa. Bi Fundi aliinakili mara kadhaa akajaribu kuiamsha kwingine, ikagoma. Alibaki na nakala ambazo zilikuwa kama funguo za nyumba iliyobomolewa. Basi kama mdomo haubadilishwi, itabidi ukimbizwe.

Ndipo alipogundua, mtandaoni, kikundi cha watu waliotawanyika dunia nzima ambao bado waliipenda ile tableti ya kizamani. Kiongozi wao hakuna aliyemjua jina wala nchi. Picha yake ilikuwa bundi, wakamwita Bundi. Kazi yake ilikuwa kuandika upya kiini cha mfumo, ile programu ya ndani kabisa inayoiamuru prosesa ikimbie kiasi gani na ipewe umeme kiasi gani. Kiwanda huweka kikomo cha mwendo ili kifaa kisichemke. Bundi alikisogeza kikomo mbele, hatua kwa hatua, na kila toleo jipya aliliachia kikundi ili walijaribu. Ilibidi kila mtu ajaribu kwenye kifaa chake, kwa kuwa prosesa ni kama watoto wa tumbo moja: wametoka mahali pamoja lakini huyu anavumilia jua na yule anazimia.

Kikundi kilikuwa na desturi yake, nayo ilifuatwa kama sala. Tableti inavuliwa kila kitu, inalazwa uchi juu ya bati, feni inaipuliza, kisha inapewa kazi nzito mfululizo mpaka ishindwe au ishinde. Walifanya hivyo wote ili vipimo vya huyu vilingane na vya yule. Bi Fundi aliongeza kipimo chake. Alimwomba mumewe sentensi moja ya kurudia kila mara, ili arekodi kwa simu muda kati ya kidole kubonyeza na sauti kutoka. Chiriku hakufikiri. Akaandika: "Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu, imeuzwa."

Rekodi ya kwanza aliichukua kabla hajagusa kitu, ya kulinganishia. Chiriku alikaa kwenye kiti chake cha mbao kando ya meza ya kazi, akabonyeza, wakasubiri wote wawili.

Ilikuwa kazi tamu, na huo ndio ukweli. Kila toleo lilikata kipande cha ule ungojeaji. Bi Fundi, aliyekaa miaka akibadilisha vioo vilivyopasuka, alijikuta anaamka na hamu. Bundi alimsifu mbele ya wote: vipimo vya huyu fundi ni safi, mfuateni. Alitafsiri sifa hizo kwa programu nyingine, akazisoma mara mbili, akatabasamu peke yake na kibano mdomoni.

Ila mdomo ukiwa kwenye bati, Chiriku hakuwa nao. Alipewa kibao cheusi na chaki. Jaribio moja lingeweza kula asubuhi nzima, na likishindwa linaanza upya. Alikuja mlangoni pa duka akasimama, akapiga makofi mawili kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya watu, akainua kibao.

"Naomba mdomo wangu."

"Bado kidogo, mume wangu. Nikikatiza hapa itabidi nirudie."

Akafuta kwa kiganja, akaandika tena. "Umeniokolea sekunde. Umenilia asubuhi."

"Nakufanyia wewe," akasema Bi Fundi bila kugeuka, macho kwenye kipimo cha joto.

Chiriku alirudi kukaa barazani na chaki yake. Wapita njia wakamsalimu, naye akawainulia mkono. Siku nyingine ilikuwa hivyo hivyo. Kuna mambo mengi ambayo Chiriku alitaka kuyasema majira yale na hakuyasema, kwa sababu kibao kilikuwa kidogo, na kwa sababu neno likisubiri sana linachoka njiani.

Halafu Jumapili moja mambo yakakubali. Toleo lililofaulu lilikuwa kwenye tableti, tableti imerudishwa ndani ya koti lake, na kaka akaja analalamika kwamba mgongo unamuuma kwa sababu ya kulala vibaya. Chiriku akaandika, akabonyeza, na kabla kaka hajavuta pumzi, sauti ikatoka: "Kulala vibaya umeanza utotoni. Mimi ndiye niliyeamka nimelowa."

Kaka alicheka mpaka meno mapya yakatoka yakaanguka kwenye bakuli la mchuzi. Chiriku alipiga meza kwa kiganja, machozi yanamtoka, tundu la shingo linapiga mluzi kwa kicheko kisicho na sauti. Kaka akayavua meno kutoka mchuzini kwa kijiko. Akasema, "We Chiriku, mnyamavu ulikuwa unapendeza zaidi," na hilo lilikuwa neno la upendo kuliko yote aliyomwambia mdogo wake tangu upasuaji.

Wakati wa kuondoka kaka alitoa habari yake. Anahama. Binti yake anamchukua, nchi ya mbali, na kwa umri wake haoni kama atarudi. Jumapili ijayo atakuja kuaga.

Wiki ile Chiriku alibaki na mdomo wake tangu asubuhi mpaka jioni. Alikuwa anatunga. Alikaa barazani akiandika na kufuta, akitabasamu, akifuta tena. Mkewe alipokaribia, alikifunika kioo kwa mkono kama mtoto anayeficha mtihani.

Na Bundi akaachia toleo jipya, akasema ni la mwisho, amechoka, tableti yenyewe imeshazeeka. Lilikuwa na mwendo kidogo zaidi. Bi Fundi alijua kwamba lile la Jumapili lilitosha. Lakini alikuwa amesikia, yeye peke yake, kwamba bado kuna upenyo mdogo kati ya kidole na sauti, upenyo wa kupepesa jicho, na alitaka siku ya kuagana usiwepo. Alimwomba mumewe mdomo kwa asubuhi moja tu. Chiriku alimtazama kitambo, akampa.

Tableti ilivuliwa koti, ikalazwa kwenye bati, feni ikawashwa. Ilibeba kazi nzito bila kuyumba. Joto lilikaa pazuri. Bi Fundi akarudia kuhakikisha, ikapita tena. Akarekodi "mara ya kwanza, mara ya pili", na safari hii sauti ilitoka papo kwa papo, kana kwamba ilikuwa inangoja mlangoni. Akatuma majibu kwa Bundi, imefaulu. Kisha akaivisha tableti koti lake, akafunga vifungo, akamrudishia mumewe.

Jumapili ilikuwa ya jua. Walikula, wakatupiana maneno, na kila neno la Chiriku lilifika kwa wakati wake, mpaka kaka akasema afadhali anahama, huku ameshindwa. Tableti ilikuwa mapajani pa Chiriku muda wote, mgongo wake ndani ya sponji. Bi Fundi alipopita kuondoa sahani alimwona mumewe anaihamisha kutoka paja hili kwenda lile, kama mtu aliyekalia kiti kilichochomwa na jua. Lile jambo lilimgusa akilini, lakini mikono ilikuwa imejaa sahani.

Gari lilipiga honi nje. Kaka akasimama. Chiriku naye akasimama, akainua kidole: ngoja. Akafungua yale aliyoyatunga wiki nzima. Akanyoosha mgongo kama aliyepanda juu ya kreti, akabonyeza.

"Kaka," ilisema sauti yake, wazi na yenye nguvu, "siku ile ulipo—"

Kioo kikawa cheusi.

Akabonyeza tena. Akabonyeza kitufe cha pembeni, akakishikilia. Bi Fundi alikuwa ameshafika. Aliposhika mgongo wa tableti kupitia lile koti, joto lilipenya kitambaa na sponji mpaka kwenye kiganja, na palepale akajua, kwa ukamilifu, alichokosea. Alikuwa ameijaribu uchi na kupepewa. Hakuwahi hata mara moja kuijaribu ikiwa imevaa.

Honi ikalia tena. Kaka akasema, "Basi, mdogo wangu. Utanitumia." Akamkumbatia, akampiga mgongoni, akatoka. Chiriku alibaki katikati ya chumba, tableti mkononi, mdomo wake ule wa nyama ukifunguka na kufunga.

Ilipopoa ikawaka. Ila ilikuwa imezimika katikati ya kuandika kumbukumbu zake, na ilipoamka sehemu iliyohifadhi sauti ilikuwa imeharibika. Bi Fundi alifanya yote anayojua, na mengine aliyoelekezwa na Bundi, ambaye hakulala kwa ajili yake. Zile nakala za zamani nazo zikagoma hata kwenye nyumba yao wenyewe, kwa kuwa programu ilitaka kuthibitishwa na kampuni ambayo haipo tena. Kilichowezekana ni sauti ya kiwandani, ya mwanamume fulani laini kama mtangazaji aliyeshiba. Chiriku aliijaribu kwa neno moja. Akaisikiliza mpaka mwisho, akaizima, akaiweka juu ya kabati.

Bi Fundi alikaa mbele yake, akaliweka lile koti mezani kati yao. Akamwomba msamaha. Akamwomba pia amwambie alichotaka kumwambia kaka yake, wamwandikie, wampelekee.

Chiriku alichukua chaki. "Mnada umefungwa," akaandika. Halafu, alipomwona anavyolia, akafuta, akaandika kwa herufi ndogo ili zitoshe: "Mzaha haupelekwi kwa posta. Nipe chai."

Hakuwahi kulisema neno lile. Aliishi na kibao, akachekesha watu wawili watatu wenye subira, na maradhi yaliporudi hayakumkuta na nguvu ya kubishana nayo. Alizikwa siku ya mvua. Watu wa mnadani walikuja wengi, na kwa mara ya kwanza walisimama mbele ya Chiriku bila mtu kucheka.

Kaka yake hakuweza kusafiri. Alipiga simu wiki iliyofuata, sauti imezeeka, meno yanagongana.

"Shemeji, lile neno. Siku ile ninaondoka. Alikuwa anataka kuniambia nini?"

"Sijui, shemeji. Alikataa kuniambia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Kaka akauliza kama sauti ya mdogo wake imebaki popote. Bi Fundi akasema ipo, kwenye rekodi za majaribio, ila ni maneno yale yale tu, ya mnadani, moja baada ya nyingine mpaka toleo la mwisho. Kaka akasema vyovyote, amsikilizishe.

Alikuwa na nyingi za kuchagua. Zile za mwisho zilikuwa safi, kidole na sauti vimeshikana, ndizo alizojivunia. Alizipita. Akashuka mpaka ile ya kwanza kabisa, ya kulinganishia, aliyoichukua kabla hajagusa kitu. Akaiwasha, akaisogeza simu yenye rekodi karibu na ile aliyokuwa akiongelea.

Kidole kiligusa kioo. Halafu ukaja ule ungojeaji mrefu, ambao alitumia majira mazima kuufuta. Ndani yake, ukitega sikio, kulikuwa na pumzi inayopita kwenye tundu la shingo, ikiingia na kutoka kama ya mtu anayepoza chai. Kiti cha mbao kikalia, kwa kuwa hakuwahi kuweza kutulia. Kucha zikagonga meza polepole, zikaacha, zikagonga tena, vile alivyozoea kumsubiri mnunuzi anayesitasita.

"Mbona sisikii kitu?" akauliza kaka.

"Ndiye huyo," akasema Bi Fundi. "Subiri."

Mzee akanyamaza, akasubiri. Safari hii hakuna aliyemharakisha Chiriku.